Shingo Upande

Nilikwenda shingo upande,
na hili si fumbo: shingo yenyewe ilikuwa upande,
miaka thelathini na moja juu ya saa za watu wa Coventry,
jicho la kulia ndani ya lenzi,
sikio la kushoto likinong'onezwa na bega.

Si maumivu yaliyonipeleka.
Maumivu ni kama mvua ya hapa: unayavalia koti, unatoka.
Ni mkono. Mkono ulianza kukosea.
Parafujo ndogo kuliko chembe ya ulezi,
nimezitia maelfu huku nikibishana na redio,
sasa naiona, naifuata kwa koleo,
na koleo linatua kando,
unywele mmoja kando,
kama mgeni anayebisha mlango wa jirani.

Bwana Ludlow aliingoja saa ya babake wiki tatu.
Nilimwambia kipuri hakijafika.
Kilikuwa kimefika.

Chumbani, juu ya duka la mazulia,
Bi Hollis hakunigusa kwanza.
Alinifunga utepe kichwani, na kwenye utepe taa ya leza,
akanikalisha mbele ya ukuta uliochorwa duara.
"Tazama katikati. Fumba macho.
Geuka kulia mpaka mwisho.
Sasa rudi nyumbani."
Nikarudi. Ningeapa nimefika.
Nikafumbua: kitone chekundu
kilikuwa vidole vinne nje ya duara,
kimetulia huko bila haya,
kama mwenye hati ya kiwanja.

Akanieleza, nami nikamsikiliza kifundi.
Ubongo hauioni shingo, huletewa habari tu.
Kila pingili ina matarishi wake:
niko hapa, nimeinama hivi, nimegeuka vile.
Kwa habari hizo ubongo huchora ramani,
na kwa ramani hiyo huutuma mkono.
Kiungo kilichokaza hunyamaza,
au hurudia habari za juzi.
"Mkono wako si mwongo," akasema.
"Unatii ramani iliyochakaa."

"Una uhakika?"
Akacheka. "Ni dhana, ina vipimo vichache nyuma yake.
Wapo wanaoona kitu kimebadilika katika ubongo mdogo.
Wapo wanaosema tunaona tunachotaka kuona."
Hapo ndipo nilipomwamini,
kama mteja anavyoniamini nikimwambia:
itakwenda, lakini itachelewa dakika mbili kwa wiki.

Vidole vyake chini ya fuvu, vikitafuta.
Pumua. Toa.
Kisha tu!
Nilidhani nimevunjika.
Kumbe ni kiputo cha hewa, si mfupa.
Dari ilikuwa palepale. Harufu ya mazulia mapya ilikuwa palepale.
Mimi ndiye niliyehama kidogo.

Utepe tena. Fumba, geuka, rudi.
Kitone: kidole kimoja na nusu.
Si katikati. Nataka hilo lieleweke.

Jioni ile parafujo ya kwanza iliingia
kama iliyoitwa kwa jina.
Ya pili ikaruka, nikaitafuta kwa magoti hadi saa tatu.
Basi ni pingili iliyotuma habari mpya?
Au ni kule kushikwa shingo, polepole, na mtu makini,
mara ya kwanza tangu Mwanaidi azikwe?
Sijui. Labda ubongo nao haujui,
umepokea tu barua, ukaichora.
Saa ya Ludlow inakwenda.

Jumapili Raya akapiga simu ya video.
Akanitazama, akanyamaza.
"Baba, mbona leo hunisikilizi?"
"Nakusikiliza."
"Hujainamisha kichwa."

Picha zote za nyumbani, za harusi, za mahafali,
mimi pembeni, kichwa kimelalia kushoto,
na watoto, miaka yote hiyo,
walidhani ninawasikiliza.

Nikakiinamisha kidogo, kumridhisha,
na safari hii
nilijua nimeinama kiasi gani.